Amplifaya Inajizima Ukipandisha Sauti: Hesabu Kwanza Omu za Spika

Amplifaya ya mjomba wangu pale Tanga ilibadilishwa transista za kutolea sauti mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Mara zote mbili ilirudi nyumbani inapiga vizuri, na mara zote mbili ilikufa siku ya wageni. Siku za kawaida iliimba kutwa nzima bila shida. Ikifika shughuli, spika za barazani zikawashwa pamoja na za sebuleni, dakika ishirini hivi inakata. Unaiacha ipoe, inarudi, inakata tena. Kila mtu alikuwa analaumu mashine. Nilipofika niliigeuza, nikamulika maandishi madogo ya nyuma kwa tochi ya simu, kisha nikasoma karatasi zilizobandikwa kwenye spika. Nikamwambia, "Mjomba, mashine yako haina ubaya. Tumeibebesha."

Sebuleni zilikuwa spika za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani spika inavyozuia umeme kupita). Barazani zilikuwa spika za gari, omu 4, ndani ya maboksi ya mbao aliyochongesha mwenyewe. Nyuma ya amplifaya, penye matundu ya jozi mbili za spika, A na B, paliandikwa hivi: A au B, omu 4 hadi 16; A+B, omu 8 hadi 16. Swichi ikiwekwa A+B, kwa mashine nyingi, spika hizo mbili za kila upande zinaungwa sambamba, kila moja ikivuta umeme wake kutoka kwenye mashine. Nane na nne sambamba ni 8 × 4 gawanya kwa 8 + 4, yaani 32 gawanya kwa 12: omu 2.67. Mashine iliomba isipewe chini ya 4 (8 na 8 sambamba ni 4), ikapewa 2.67, tena siku ambayo sauti ilifunguliwa kuliko siku zote.

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu tatizo hili nalikuta kila mara, na mara nyingi mwenye redio ameshalipia matengenezo ambayo hayakuhitajika.

Namba ya omu inasema nini

Fikiria tangi la maji juu ya paa. Amplifaya ndiyo tangi: inasukuma kwa volti kadiri ulivyofungua sauti. Spika ni bomba. Omu nyingi ni bomba jembamba, maji yanapita kidogo. Omu chache ni bomba pana. Ukiunga bomba la pili kando ya la kwanza, maji yanayotoka tangini yanaongezeka hata kama kila bomba peke yake ni la kawaida.

Kwa tarakimu: tuseme amplifaya inatoa volti 20. Spika ya omu 8 itavuta ampea 2.5, na nguvu itakuwa wati 50. Weka omu 4, inavuta ampea 5, wati 100. Weka omu 2, ni ampea 10, wati 200. Hujagusa kitufe cha sauti, lakini mashine inadaiwa mara nne. Kanuni hiyo aliichapisha Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka 1827, na hakuna amplifaya iliyo nje yake. Transfoma na transista zake zilipimwa kwa kazi fulani. Zikidaiwa zaidi, zinatoa mpaka zichoke.

Kwa hiyo namba iliyo nyuma ya amplifaya isome kama kikomo cha chini. Ikiandikwa 4–16, usishuke chini ya 4. Kupanda juu hakuidhuru mashine ya transista. Sauti itapungua kidogo, basi. Spika ndogo ya LS3/5A, iliyobuniwa na BBC ya Uingereza miaka ya 1970, ilikuwa ya omu 15, na watu wameipiga kwa amplifaya za kila namna bila kuunguza kitu. Upande wa pili kulikuwa na Apogee Scintilla, spika ya omu 1, ambayo wapenzi wa muziki wanaikumbuka kwa amplifaya ilizozishinda.

Namba ya kwenye spika yenyewe ni ya makadirio. Spika ya omu 8 si 8 kwa kila noti. Karibu na besi yake ya chini inaweza kupanda hadi 30 na zaidi, kisha ikashuka sana kwenye sehemu ya sauti ya mwanamume na ngoma za kati. Viwango vya kimataifa vinataka isishuke chini ya asilimia 80 ya namba iliyoandikwa: 6.4 kwa spika ya 8, na 3.2 kwa spika ya 4. Maboksi mengi ya kuchongesha hayajawahi kupimwa hivyo, kwa hiyo jiachie nafasi.

Kabla hujaanza kulaumu chochote, pima

Unahitaji multimita ya kawaida. Zima amplifaya, chomoa waya wa spika kwenye mashine, weka mita kwenye omu 200. Gusanisha ncha mbili za mita kwanza. Mita nyingi za bei nafuu zitaonyesha 0.2 hadi 0.5, na hiyo utaitoa kwenye kila jibu. Kisha gusa nyaya mbili zinazoelekea kwenye spika. Kupimia huku, kwenye ncha za upande wa mashine, kuna faida kwamba unapima spika pamoja na waya wake wote, na hitilafu ya njiani itajitokeza.

Mita hupima ukinzani wa koili tu, yaani waya uliozungushwa ndani ya spika, kwa hiyo jibu huwa chini ya namba iliyoandikwa. Spika ya omu 8 husoma takribani 5.5 hadi 7. Ya omu 6 husoma 4 na pointi hadi 5. Ya omu 4 husoma 3 hadi 3.6. Mtu akikuuzia spika "ya omu 8" na mita inasema 3.3, hiyo ni ya 4, hata kama karatasi ya nyuma inang'aa. Pale Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi usione haya kutoa mita mbele ya muuzaji. Fundi wa kweli atakuazima yake.

Ikisoma 1 peke yake upande wa kushoto, au OL, mzunguko umekatika: koili imeungua, au waya umekatika, au skrubu imelegea. Ikisoma karibu na sifuri, kuna mahali nyaya zimegusana. Tahadhari moja: kwenye boksi lenye wufa (spika ya besi) na twita (spika ndogo ya sauti za juu), kapasita inaizuia mita isiione twita. Wufa itakupa jibu zuri hata kama twita imekufa zamani. Twita ipimwe peke yake, ikiwa imefunguliwa waya mmoja.

Inakata ukipandisha sauti, inarudi ikipoa

Hii ndiyo dalili ya mjomba, na ndiyo inayotokana na omu mara nyingi kuliko zote. Fanya jaribio hili kabla ya kwenda kwa fundi: toa spika zote, bakiza jozi moja ambayo umeipima na kuhakikisha ni ya 8. Piga saa nzima kwa sauti ileile iliyokuwa inakata. Ikivumilia, amplifaya ni nzima. Kosa liko kwenye mzigo.

Sasa hesabu mzigo. Spika mbili zinazolingana zikiungwa sambamba, yaani chanya na chanya, hasi na hasi, gawanya kwa mbili: mbili za 8 ni 4, mbili za 4 ni 2. Zikiungwa kwa mfululizo, yaani hasi ya ya kwanza inaingia kwenye chanya ya ya pili, jumlisha: mbili za 4 ni 8. Mafundi wengi huita hizo paraleli na sirisi. Spika nne za 8 kwa upande mmoja zinaweza kurudi kuwa 8: unga mbili mbili kwa mfululizo upate 16 na 16, kisha hizo jozi mbili uziunge sambamba.

Mtego mkubwa huku kwetu ni spika za hom thieta. Mashine yake imekufa, maboksi yamebaki mazuri, yanauzwa moja moja. Mengi ni ya omu 3. Mtu ananunua manne, anaunga mawili mawili sambamba kwenye amplifaya ya zamani ya omu 8, na kila upande unaona omu 1.5. Yaunge mawili mawili kwa mfululizo na utapata 6, mzigo ambao amplifaya nyingi zitaubeba kwa sauti ya nyumbani. Spika za gari ni hivyohivyo: moja kwa upande ni 4, mbili kwa mfululizo ni 8, mbili sambamba ni 2, na hiyo 2 usiiguse kama mashine haikuiruhusu kwa maandishi. Sabufa ya gari yenye koili mbili za omu 4 nayo inakupa uchaguzi uleule, 8 au 2, ndani ya spika moja.

Mfululizo una sharti: spika ziwe za aina moja. Ukiweka ya 4 na ya 8 kwa mfululizo, ya 8 inapata theluthi mbili za volti na ya 4 theluthi moja, tena mgawanyo wenyewe unabadilika kila noti inapobadilika. Mashine itakuwa salama lakini muziki utaharibika.

Kuna wanaoshauri kuongeza rizista kubwa ya omu 4 mbele ya spika ya omu 4 ili mashine ione 8. Mashine itaona 8, ni kweli. Lakini nusu ya nguvu inaishia kuchemsha rizista, na wufa inakosa breki ya amplifaya, besi inavimba. Mimi simshauri mtu, isipokuwa awe amekwama usiku wa shughuli na hana njia nyingine.

Inachemka hata kwa sauti ya wastani

Watu hushangaa: "Sijafungua hata nusu, mbona kifuniko hakishikiki?" Amplifaya za kawaida za daraja la AB hazichemki zaidi zinapofunguliwa mwisho. Joto linafika kileleni katikati, kwa sababu hapo transista zinabakiza volti nyingi mwilini mwake huku mkondo mkubwa unapita. Kwa mashine yenye umeme wa ndani wa volti 35 chanya na 35 hasi, joto la juu la kila upande ni kama wati 31 ikibeba omu 8, wati 62 ikibeba 4, na wati 124 ikibeba 2. Hitisinki (chuma cha kupoozea) ileile, joto mara nne. Kwa hiyo kupunguza sauti kidogo hakuponyi omu mbaya.

Ila kabla ya kuhukumu spika, tazama mashine imekaa wapi. Kabati lenye milango ya vioo, kitambaa cha kufuma juu yake, na juu ya kitambaa king'amuzi kinachotoa joto lake: hapo hata omu 8 itaiunguza. Toa kitambaa, uipe sentimita kumi za hewa juu. Ikiendelea kuchemka bila spika yoyote kuungwa, tatizo liko ndani, mara nyingi ni bayasi ya transista, yaani mkondo wake wa kusubiri, iliyopanda, na hiyo ni kazi ya fundi.

Taa ya PROTECT inawaka mara tu ukiwasha

Hapa omu ndogo si mshukiwa wa kwanza. Chomoa spika zote, washa. Ukisikia rilei (swichi ya ndani inayounganisha spika) ikibofya baada ya sekunde chache na taa ikazimika, mashine ina afya, na kuna nyaya zimegusana nje. Tafuta unywele wa shaba uliochomoza kwenye tundu za nyuma ya amplifaya, ndio mkosaji wa kila siku. Kisha waya uliobanwa na mlango, au ulioguguniwa na panya darini. Rudisha spika moja moja mpaka taa iwake tena.

Kama taa inabaki hata bila spika, mara nyingi transista za kutolea zimepigwa shoti na rilei inakulindia spika. Usiizunguke hiyo rilei. Nimeona fundi ameiruka kwa kipande cha waya "ili ipige". Ilipiga sekunde moja, ikatoa moshi kwenye koili za wufa zote mbili.

Mashine ndogo zisizo na rilei uzipime mwenyewe: spika zimetolewa, sauti sifuri, mita kwenye volti za DC, gusa matundu mawili ya spika ya upande mmoja. Chini ya milivolti 50 ni salama. Ukiona volti nzima nzima, usiunge spika.

Na kama fyuzi inakatika papo hapo unapochomeka ukutani, spika hazihusiki kabisa. Kwa mashine za mtumba kutoka Japani tazama kwanza kama ni ya volti 100.

Upande mmoja juu, mwingine chini

Badilisha spika: ya kulia ipeleke kushoto. Udhaifu ukihama nayo, ni spika au waya wake. Ukibaki palepale, ni amplifaya au waya wa sauti unaotoka kwenye deki au simu. Spika zikiwa za namba tofauti, ya omu 4 upande huu na ya 8 upande ule, ya 4 inapewa wati mara mbili, desibeli 3 zaidi, na hilo sikio linaligundua. Kitufe cha balansi kitasawazisha sauti, lakini upande wa 4 bado unachemka zaidi. Tafuta jozi inayolingana.

Waya nao usiudharau. Spika iliyo mita 10 mbali kwa waya mwembamba wa milimita 0.5 za mraba inaongezewa omu 0.69 kwenda na kurudi. Spika ya omu 4 hapo inapata nguvu pungufu kwa zaidi ya robo. Ukitumia waya wa 2.5, unene uleule wa soketi za nyumbani, inabaki 0.14. Kwa spika ya omu 8 na umbali mfupi, 1.5 unatosha. Kwarua ncha kwa kisu kabla ya kununua: ndani kukiwa kweupe, ni alumini iliyopakwa shaba, na ukinzani wake uko juu kwa nusu au zaidi.

Sauti ni hafifu mno, hata ukifungua mwisho

Kama spika ilitoka hotelini, msikitini, kanisani au kwenye dari ya duka, ifungue nyuma. Ukikuta kitransfoma kidogo chenye waya za rangi nyingi, hiyo ni spika ya laini ya volti 100. Tepu yake (mojawapo ya waya hizo) ya wati 10 ni mzigo wa omu 1000, kwa hiyo amplifaya ya nyumbani haiwezi kuisukuma. Haiumizi kitu, ila haitapiga. Ruka hicho kitransfoma, unga moja kwa moja kwenye koili baada ya kuipima, na itaamka. Kinyume chake ndicho cha hatari: spika ya kawaida ya omu 8 kwenye tundu za volti 100 za amplifaya ya matangazo. Koili inaungua kabla hujajua kilichotokea.

Sababu nyingine ni mfululizo mrefu. Fundi aliyetandaza spika sita za 8 darini kwa waya mmoja wa mfululizo amekupa omu 48. Mashine iko salama salimini, lakini kwa volti zilezile itatoa sehemu moja ya sita ya nguvu ambayo ingetoa kwa spika moja, tena imegawanywa sita.

Besi imepotea ingawa kila spika inapiga

Hili watu hulileta kama tatizo la omu, na karibu kila mara ni chanya na hasi zimepishana upande mmoja. Wufa moja inatoka wakati nyingine inaingia, besi zinafutana hewani. Chukua betri ya volti 1.5, gusisha kwa sekunde moja kwenye nyaya za spika: chanya kwenye chanya, karatasi ya wufa itaruka kuja nje. Ikirudi ndani, geuza waya. Fanya kwa kila spika, hasa zile za kuungwa mfululizo, maana hapo ni rahisi kuchanganya.

Inakwaruza, au twita zinakufa

Bonyeza karatasi ya wufa taratibu kwa vidole vya pande zote mbili. Ukisikia msuguano, koili imepinda au imeungua, na huenda omu zake zimeshashuka kwa sababu mizunguko ya koili imeungana; pima tena kabla haijaivuta amplifaya nayo. Kama wufa ni laini lakini sauti inapasuka ikifika juu, amplifaya imeishiwa volti, au mkondo wake umefika kikomo kwa sababu ya omu ndogo. Sauti iliyokatwa kichwa hivyo hujaa nguvu za juu, na zinaangukia kwenye twita. Ndiyo maana amplifaya ndogo ya wati 20 iliyofunguliwa mwisho inaua twita ambayo ya wati 80 ingeilea miaka. Ukisikia mpasuko, rudisha sauti saa hiyohiyo.

Bodi ndogo za kisasa na sabufa za kujitengenezea

Vijana wengi sasa wanajenga kwa bodi zenye IC (chipu) ya TPA3116D2, na ni bodi nzuri: wati 50 mara mbili kwa omu 4, kwa umeme wa volti 21. Lakini hasi ya spika yake si athi. Ncha zote mbili zinasukuma, huku ikienda hivi na kule ikienda kinyume. Ukiunganisha hasi za kulia na kushoto pamoja, kama ilivyozoeleka kwenye redio za zamani, au ukigusisha hasi kwenye kasha la chuma, unaipiga shoti. Nyaya nne zibaki nne, kila moja peke yake.

Amplifaya kubwa ikiwekwa kwenye briji, kulia na kushoto zikisukuma spika moja, kila upande unaona nusu ya omu. Spika ya 8 inakuwa 4 kwake, ya 4 inakuwa 2. Kama mashine haijaandikwa kwamba inakubali briji na kwa omu ngapi, usiijaribu.

Swichi ya omu nyuma ya risiva

Risiva (amplifaya zenye redio ndani) nyingi zina chaguo la 4, 6 au 8. Halibadilishi spika wala haliongezi uwezo. Kwenye nyingi linapunguza volti za ndani ili joto lisipite kiwango. Una spika za omu 4 na kabati finyu? Fuata maelekezo, weka 4, ukubali kwamba mpasuko utakuja mapema kidogo. Una za 8? Iache kwenye 8. Usidanganyike kwamba ukiiweka 4 sasa unaruhusiwa kuunga spika mbili za 4 sambamba.

Wenye amplifaya za valvu, zile za taa za kioo badala ya transista, wana sheria tofauti kabisa. Huko kuna transfoma ya kutolea yenye matundu ya 4, 8 na 16, na spika iingie kwenye tundu la namba yake. Na kamwe usiifungulie sauti bila spika, kwa maana volti zinapanda ndani ya transfoma mpaka zinatoboa insulesheni yake.

Jinsi tulivyomaliza pale Tanga

Hatukuunga 4 na 8 kwa mfululizo, kwa sababu niliyoeleza. Tulitenganisha kazi. Amplifaya kubwa ikabaki na spika za 8 za sebuleni peke yake, swichi kwenye A. Kwa ajili ya baraza tulinunua bodi ndogo inayokubali omu 4, tukaipa umeme wake, na sauti tukaichukua kwenye matundu ya REC OUT, yale ya kurekodia, nyuma ya amplifaya kubwa. Kila mashine ikapata mzigo wake, na mjomba akapata kitufe cha pili cha sauti, ili wa barazani wasiwapigie kelele wa ndani.

Kabla ya kuirudisha kabatini tuliipiga saa mbili mchana, nikishika hitisinki kila dakika kumi na tano. Nawe ukimaliza marekebisho yako fanya hivyo: joto la mashine yenye afya hupanda, kisha linatulia. Likiendelea kupanda bila kutulia, zima, rudi kwenye mita, kuna tawi la spika ulilolisahau.

Wiki ile palikuwa na harusi ya binamu yangu. Ilipofika saa tano usiku, taarabu bado imepamba moto, niliingia sebuleni nikaweka kiganja juu ya kifuniko. Kilikuwa vuguvugu tu, kama kikombe cha chai kilichosahauliwa.